Mipangilio ya kipimachembe cha hewa

Mipangilio ya kipimachembe cha hewa ni jumla ya maagizo yanayowekwa katika programu ya kifaa kinachopima vumbi, moshi na chembe nyingine ndogo zinazoelea hewani. Maagizo hayo huamua kifaa kivute hewa kiasi gani, kipime kila baada ya muda gani, kifuate saa ipi, kitumie kanuni gani kupata uzito wa chembe, na kitume matokeo wapi.

Vifaa viwili vya aina moja vikifungwa kwenye ukuta mmoja vinaweza kutoa namba tofauti iwapo mipangilio yake haifanani. Kwa sababu hiyo namba ya uchafuzi wa hewa haieleweki vizuri bila kujua mipangilio iliyotumika kuipata.

## Kinachopimwa

Chembe za hewa hugawanywa kwa ukubwa. Zile zenye kipenyo cha mikromita 10 au chini yake huitwa PM10, na zile za mikromita 2.5 au chini yake huitwa PM2.5. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe za PM2.5 hazionekani kwa macho moja moja. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na huhusishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi na magonjwa ya kupumua. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliorodhesha uchafuzi wa hewa ya nje na chembe zake miongoni mwa visababishi vya saratani.

Kipimo chake ni mikrogramu za chembe katika mita moja ya ujazo ya hewa (µg/m³). Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unapendekeza viwango visivyozidi hivi:

- PM2.5: 5 kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24
- PM10: 15 kwa wastani wa mwaka, na 45 kwa wastani wa saa 24

Viwango hivyo ni vya chini, kwa hiyo kosa la mikrogramu chache tu katika kipimo laweza kubadilisha jibu la swali kama hewa ya mahali fulani inakubalika au la.

## Aina za vifaa

Vipimo vya mionzi ya beta. Kifaa kama BAM-1020 cha kampuni ya Met One ya Marekani huvuta lita 16.7 za hewa kwa dakika na kuipitisha kwenye utepe wa chujio. Kiasi hicho ni sawa na mita moja ya ujazo kwa saa. Mionzi ya beta kutoka kwenye kaboni-14 hupitishwa katika utepe kabla na baada ya chembe kukusanyika. Kadiri chembe zilivyo nyingi ndivyo mionzi inayopita inavyopungua, na hapo uzito hupatikana. Vifaa vya aina hii ni ghali na huhitaji umeme wa uhakika, lakini hutumiwa kama kipimo rejea.

Vifaa vya mwanga. Hivi huangaza leza ndani ya chumba kidogo ambamo hewa inapita. Chembe hutawanya mwanga, na programu hukadiria wingi wake. Miongoni mwake ni vihisi vya bei nafuu kama PMS5003 cha Plantower na SDS011 cha Nova Fitness, vyote kutoka China, na vifaa vya kitaalamu kama DustTrak cha TSI ya Marekani. Havipimi uzito moja kwa moja. Uzito unaoonyeshwa ni matokeo ya hesabu, na ndiyo maana mipangilio ina nguvu kubwa zaidi katika kundi hili.

Vipimamasizi. Hivi hupima kaboni nyeusi, yaani masizi ya dizeli na ya kuni, kwa kuangalia jinsi chujio linavyozidi kumeza mwanga kadiri masizi yanavyotanda.

## Mfano wa mazingira: Lusahunga

Lusahunga ni kata ya Wilaya ya Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hapo barabara inayotoka Bukoba kupitia Biharamulo inakutana na barabara kuu inayotoka Kahama na Nyakanazi kuelekea Wilaya ya Ngara. Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita njia hiyo kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na Burundi kupitia Kabanga.

Mahali pa namna hii hukusanya karibu kila jambo linalompa kazi mtu anayepanga kipimachembe. Kuna moshi wa dizeli, ambao chembe zake ni ndogo sana. Kuna vumbi la udongo kutoka pembeni mwa lami na kwenye njia za changarawe, ambalo chembe zake ni kubwa zaidi. Kuna moshi wa kuni na mkaa asubuhi na jioni, na moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa wakati wa kiangazi. Eneo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na majira ya mvua huleta unyevu mwingi. Karibu kila moja ya hali hizo hugusa sehemu fulani ya mipangilio.

## Mipangilio mikuu

### Mawasiliano

Kihisi huunganishwa na kompyuta ndogo inayosoma matokeo yake. PMS5003 na SDS011 hutuma data kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na programu ikiwekewa kasi tofauti hupokea herufi zisizo na maana. PMS5003 hutuma vifurushi vya baiti 32 ambavyo huanza kwa 42 na 4D katika namba za msingi wa 16. Baiti mbili za mwisho ni jumla ya uhakiki. Programu isiyolinganisha jumla hiyo inaweza kuhifadhi kifurushi kilichoharibika njiani kana kwamba ni kipimo halali.

Kihisi hicho kina hali mbili za kazi. Katika hali tendaji hutuma matokeo chenyewe mfululizo, na katika hali tulivu husubiri kuulizwa. Pia hutoa safu mbili za matokeo: moja iitwayo CF=1, na nyingine inayotajwa kuwa ya hewa ya nje. Hewa ikiwa safi safu hizo hulingana. Moshi ukiwa mwingi, safu ya CF=1 huizidi nyingine, hadi kufikia takriban mara moja na nusu. Kwa hiyo ni lazima ijulikane ni safu ipi iliyohifadhiwa.

### Saa na tarehe

Tanzania hutumia saa za Afrika Mashariki, ambazo zimetangulia saa za dunia (UTC) kwa saa 3. Vifaa vingi huhifadhi data kwa UTC. Moshi wa mapishi ya saa 12 asubuhi, yaani 06:00, huandikwa 03:00. Msomaji asiyejua hilo atadhani watu wa Lusahunga huwasha moto saa 9 usiku.

Hesabu ya saa za Kiswahili huongeza utata. Mhudumu akiandika daftarini kwamba chujio lilibadilishwa "saa 1", kisha mwingine akaingiza 01:00 kwenye kompyuta badala ya 07:00, tukio hilo linahama kwa saa 6. Njia salama ni kuandika kwa mtindo wa saa 24 na kutaja ukanda wa saa.

Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kifaa kinachochukua saa kutoka kwenye mtandao wa simu karibu na mpaka, kwa mfano Rusumo, kinaweza kushika mnara wa upande wa pili na kubadili saa chenyewe. Kwa hiyo hapo ni bora kukifungia kwenye UTC na kugeuza saa baadaye wakati wa uchambuzi.

Mpaka wa siku nao hutegemea mpangilio huu. Wastani wa siku kwa UTC huanza saa 9 usiku na kuisha saa 9 usiku unaofuata kwa saa za Tanzania, na unaweza kutofautiana na wastani wa usiku wa manane hadi usiku wa manane.

### Mzunguko wa kazi

Leza huchakaa. Mtengenezaji wa SDS011 hutaja maisha ya saa 8,000, ambazo ni takriban siku 333 za kazi isiyokoma. Programu yake huruhusu kuchagua mzunguko wa dakika 0 hadi 30. Sifuri maana yake ni kupima bila kupumzika. Namba nyingine maana yake ni kuamka kwa sekunde 30 katika kila kipindi hicho, kisha kulala. Kwa mzunguko wa dakika 5 leza hufanya kazi sehemu moja ya kumi tu ya muda. Kwa hesabu ingedumu zaidi ya miaka 9, ingawa feni na vumbi lililojaa ndani huweza kukimaliza kifaa mapema zaidi.

Kulala kuna gharama yake. PMS5003 kinahitaji angalau sekunde 30 baada ya kuamka kabla matokeo hayajatulia, na programu inapaswa kuyatupa matokeo ya mwanzo. Isitoshe, kifaa kinachoamka mara moja kwa saa kinaweza kuukosa msafara mzima wa malori, au kikaupata kwa bahati na kuufanya uonekane umedumu saa nzima.

### Wastani na ukamilifu wa data

Matokeo ya kila dakika hupandisha na kushuka sana, kwa hiyo hukusanywa kuwa wastani wa saa na wa siku. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba wastani hukubaliwa ikiwa angalau asilimia 75 ya data ipo, yaani saa 18 kati ya 24.

Hata hivyo kanuni hiyo haitoshi penye umeme wa kukatika. Umeme ukikatika kila jioni kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku, data iliyobaki ni ya saa 20 na siku inahesabiwa kuwa kamili. Lakini saa 4 zilizokosekana ndizo za moshi wa mapishi ya usiku, na wastani unaotoka ni wa chini kuliko hewa iliyovutwa na watu. Betri, pamoja na ripoti inayoonyesha ni saa zipi zilizokosekana, huzuia udanganyifu huo.

### Mtiririko wa hewa na kanieneo

Kifaa chenye pampu kinahitaji kujua kilivuta hewa kiasi gani. Mtiririko pia ndio unaofanya kichwa cha kuingizia hewa kitenganishe ukubwa wa chembe: ukipungua chini ya lita 16.7 kwa dakika, chembe kubwa zaidi ya zilizokusudiwa hupenya na kuhesabiwa.

Programu hutaka pia kuchagua kati ya mita ya ujazo ya hali halisi ya mahali na ile ya hali sanifu, ambayo katika vifaa vya Marekani ni nyuzi joto 25 na kanieneo ya kilopaskali 101.3. Pwani, kama vile Dar es Salaam au Mombasa, tofauti ni ndogo. Kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kanieneo hushuka hadi karibu kilopaskali 88. Kwa joto lile lile la nyuzi 25, mikrogramu 20 katika mita ya ujazo halisi huwa 23 katika mita ya ujazo sanifu. Hewa haikubadilika, kilichobadilika ni chaguo moja tu kwenye menyu. Kanuni za Marekani hutumia hali halisi kwa PM2.5 na hali sanifu kwa PM10, kwa hiyo aina zote mbili hukutana katika kifaa kimoja.

### Aina ya chembe

Kifaa cha mwanga hukisia chembe ni za kitu gani. DustTrak hutoka kiwandani kikiwa na kizidisho cha 1, kilichopatikana kwa vumbi sanifu la Arizona. Moshi wa kuni hutawanya mwanga zaidi kwa kila mikrogramu kuliko vumbi hilo, hivyo kifaa kisichorekebishwa huweza kuonyesha moshi mara 2 au 3 ya uzito wake.

Vifaa vinavyohesabu chembe moja moja hutaka densiti yake. Thamani ya mwanzo katika vifaa vya Alphasense ni gramu 1.65 kwa sentimita ya ujazo, ilhali mchanga wa kwatzi una 2.65. Kubadili thamani hiyo pekee huzidisha uzito kwa 1.6.

Kuna mambo ambayo mpangilio wowote hauwezi kuyaponya. PMS5003 huona vizuri chembe ndogo za moshi, lakini chembe kubwa za vumbi humpita kwa wingi. Namba yake ya PM10 kwa sehemu kubwa ni makisio. Pembeni mwa barabara ya changarawe lori likipita na kuacha wingu jekundu, kihisi hicho kinaweza kuonyesha ongezeko dogo tu. Penye vumbi la namna hiyo PM10 hupimwa kwa kifaa cha aina nyingine.

### Unyevu

Chembe nyingi hunyonya maji na kuvimba hewa inapokuwa na unyevu mwingi, hasa alfajiri na wakati wa ukungu. Chembe iliyovimba hutawanya mwanga zaidi, na kifaa hudhani uchafuzi umeongezeka. BAM-1020 hupasha hewa joto kabla ya kuipima, na kwa PM2.5 kipasha joto huwekwa kulenga unyevu wa asilimia 35. Vihisi vya bei nafuu havina kipasha joto, kwa hiyo husahihishwa kwa hesabu.

Mfano unaojulikana ni fomula iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa vifaa vya PurpleAir, vinavyotumia vihisi vya Plantower:

PM2.5 iliyosahihishwa = 0.524 × kipimo − 0.0862 × unyevu + 5.75

Kipimo ni cha safu ya CF=1 na unyevu ni kwa asilimia. Kipimo cha 60 kwa unyevu wa asilimia 85 huwa takriban 29.9, kwa unyevu wa asilimia 40 huwa takriban 33.7. Fomula hiyo ilitokana na hewa ya Marekani. Mahali penye moshi wa mkaa, dizeli na udongo mwekundu huhitajika fomula yake, inayopatikana kwa kuweka kihisi kando ya kipimo rejea.

### Sifuri

Chujio safi likifungwa kwenye mdomo wa kifaa, matokeo yanapaswa kushuka hadi karibu na sifuri. Yakibaki juu, kuna uchafu ndani au sifuri imehama. Vifaa kama DustTrak vina amri maalumu ya kurudisha sifuri. Amri hiyo ikitolewa bila chujio, kifaa hujifunza kuita hewa chafu safi, na kila kipimo kinachofuata hupungua.

### Mahali

Latitudo za kusini mwa ikweta huandikwa na alama ya kutoa. Lusahunga ipo karibu na digrii 3 kusini na digrii 31 mashariki. Alama hiyo ikisahaulika, ramani huonyesha kituo kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande wa Arua. Urefu wa mdomo wa kifaa kutoka ardhini na umbali wake kutoka barabarani au jikoni huandikwa pia, maana hubadilisha maana ya namba.

## Data ghafi na kumbukumbu

Kanuni ya msingi ni kuhifadhi matokeo ghafi pamoja na yaliyosahihishwa, kila moja kwenye safu yake. Fomula inayoonekana nzuri leo inaweza kupitwa na nyingine kesho. Data ghafi ikiwepo, miaka yote ya nyuma inaweza kuhesabiwa upya. Ikiwa kifaa kilihifadhi matokeo yaliyosahihishwa tu, makosa yake hudumu.

Kila badiliko la mipangilio huandikwa pamoja na tarehe, thamani ya zamani na thamani mpya. Bila kumbukumbu hiyo, kushuka kwa ghafla kwa uchafuzi kunaweza kudhaniwa ni matunda ya lami mpya au majiko bora, kumbe ni kizidisho kilichobadilishwa.

## Afrika Mashariki

Nchini Uganda mradi wa AirQo ulianza mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere chini ya Engineer Bainomugisha. Vifaa vyake vimeundwa kwa mazingira ya miji ya Afrika: hufanya kazi kwa umeme wa gridi au wa jua na hutuma data kupitia mtandao wa simu. Vingine vimewahi kufungwa kwenye bodaboda. Kila kimoja hubeba vihisi viwili vya chembe, ili kimoja kikianza kupotoka kionekane kwa kulinganishwa na mwenzake. Matokeo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya beta vilivyopo Kampala.

Nchini Kenya mradi wa sensors.AFRICA wa shirika la Code for Africa ulitumia vifaa vilivyotokana na mradi wa kiraia ulioanzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Programu ya mradi huo wa Stuttgart hutuma matokeo kila baada ya sekunde 145 isipobadilishwa, yaani takriban mara 596 kwa siku. Penye kifurushi kidogo cha intaneti muda huo hurefushwa.

Balozi za Marekani zilikuwa na vipimo vya beta katika miji kadhaa, ikiwemo Kampala, na data yake ilitumiwa na watafiti kama rejea. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kuichapisha kwa umma. Tukio hilo lilionyesha hatari ya kutegemea rejea ya nje, kwa kuwa vihisi vya bei nafuu visiposawazishwa mara kwa mara hupoteza usahihi.

Nchini Rwanda kuna kituo cha uchunguzi wa tabianchi katika mlima Mugogo, karibu mita 2,590 juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya kaboni nyeusi hapo vimeonyesha kwamba masizi huongezeka katika majira mawili ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, wakati nyika na mashamba huchomwa katika ukanda mzima. Moshi huo husafiri na hauzuiwi na mipaka ya nchi.

Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na usimamizi wake hufanywa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Ili kipimo kilinganishwe na viwango vya sheria, ni lazima kiwe na muda wa wastani na hali ya hewa (halisi au sanifu) vinavyolingana na vile vilivyotajwa katika kiwango husika.

## Tazama pia

- Uchafuzi wa hewa
- Wilaya ya Biharamulo
- Kaboni nyeusi
- Unyevu wa hewa
- Kanieneo ya hewa